Kuku Walioliwa Kabla ya Harusi

Shangazi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, adhana haijaisha. Kwa kawaida ukitamka "shikamoo" yeye keshafika kwenye habari za mgonjwa wa pili. Siku hiyo shikamoo yangu aliiacha ikaning'inia bila marahaba.

"Mimi," akasema, "nimetoa elfu tano?"

"Hapana, Shangazi. Umetoa laki mbili. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Basi hebu isome hiyo ya mkono wako."

Nikafungua grupu la harusi. Orodha ya michango niliyoituma usiku, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi, ilikuwa imelala nayo: mstari mmoja mrefu kama treni ya mizigo, bila kituo. "50,000 Mjomba 200,000 Shangazi 5,000 Muuza mkaa 100,000 Mama Mkubwa..." na kuendelea hivyo mpaka ukingo wa simu unachoka. Chini yake mtu alikuwa ameshaandika: "Hongera sana muuza mkaa, Mungu akuzidishie."

Mweka hazina wetu huandika kiasi kwanza, jina baadaye, kwa hoja kwamba fedha ndiyo hupotea, watu hawapotei. Kila mchango ukikaa kwenye mstari wake, hakuna tatizo. Ukiondoa mistari, msomaji hufanya alivyozoea: anasoma jina, kisha anachukua tarakimu inayofuata. Kwa hiyo ukoo mzima ulisogea hatua moja. Mjomba alipanda kutoka elfu hamsini hadi laki mbili, na sikusikia lalamiko lolote kutoka kwake. Muuza mkaa wa mtaani kwetu alipanda kutoka elfu tano hadi laki. Shangazi alishuka, na mnajua alivyoshuka. Mwanzoni kabisa palibaki elfu hamsini isiyo na mwenyewe. Na mwishoni lilikaa jina la Baba Mdogo, mwenyekiti wa kamati, likifuatiwa na kimya.

Ukatibu wa kamati nilipewa kwa kosa moja: niliwahi kuonekana na laptopu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchukua taarifa ya harusi ya binamu yetu, ya mwaka uliotangulia, ili tuazime maneno yake na bajeti yake. Ilikuwa kwenye PDF. Nikainakili, nikaibandika, na kila sentensi ikaja imekatwa vipande kama muwa wa sokoni: "Kamati iliona kwamba maturubai", chini, "yakodiwe mapema ili kuepuka", chini, "aibu iliyotokea". PDF, nilikuja kuambiwa, haishughulikii sana sentensi. Inachojali ni herufi gani imekaa wapi kwenye ukurasa. Ukinyofoa maneno humo, kila ukingo wa karatasi unakuja nao, kama mtu aliyeng'oa mchicha na udongo wake.

Jioni ya kwanza niliunganisha kwa mkono. Mwisho wa mstari, futa, weka nafasi. Mwisho wa mstari, futa, weka nafasi. Nilipofika mstari wa themanini kidole kilikuwa kinaendelea chenyewe hata nikila. Kesho yake nikaenda kwa kijana wa steshenari. Akanitazama kidogo, akasema, "Dada, unavuna shamba kwa kibano?"

Akanionyesha. Kwenye Word unafungua kidirisha cha kutafuta na kubadilisha. Juu unaandika ^p, ambayo ndiyo alama ya kile kinachotokea ukibonyeza Enter. Chini unaweka nafasi moja. Unabonyeza badilisha zote. Nikarudi nyumbani, nikabonyeza. Kompyuta ikanijulisha kwamba imefanya mabadiliko 318. Nikafurahi. Taarifa yenyewe haikufika mistari 200, na mtu makini angejiuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Mimi nilihifadhi, nikafunga.

Zilitoka kwenye orodha ya michango na kwenye shairi la Mjomba. Mimi huweka kila kitu kwenye faili moja, nalo nimelipa jina HARUSI.

Baada ya simu ya Shangazi nilirudi steshenari kwa unyenyekevu. Kijana akanieleza kwamba si kila mkato wa mstari ni adui. Mmoja peke yake umeletwa na ukingo wa karatasi, huo uondoke. Miwili ikifuatana ni mwisho wa aya, hiyo ibaki. Kwa hiyo unaanza kuificha ile miwili miwili: badala yake unaweka neno la muda, neno ambalo halimo kabisa kwenye waraka. Kisha unaiondoa ile ya mojamoja. Mwisho unalirudisha neno la muda kuwa mkato wa aya. "Chagua neno lolote la ajabu ajabu," alisema.

Sasa, nilikuwa nimeshinda na njaa, na nilikuwa nimetoka kuandika bajeti ya chakula. Neno lililonijia ni KUKU. Nililiandika kwa herufi kubwa, nikiamini kwamba kuku wangu wakubwa hawawezi kuchanganyika na kuku wadogo wa bajeti. Nililokuwa silijui ni kwamba Word ikitafuta neno haijali herufi kubwa wala ndogo, mpaka uiamrishe ijali. Na lililonipita zaidi, mimi niliyezaliwa na lugha hii, ni idadi ya maneno ya Kiswahili yaliyobeba kuku tumboni.

Baba Mdogo ni mtu wa kusoma kilichoandikwa. Jumapili iliyofuata, kwenye kikao cha kamati, alisimama na taarifa niliyoipanga upya kwa njia hiyo, akavaa miwani, akaanza: "Wajumbe waliona haja ya..." akanyamaza, akashuka mstari, "...tana kila wiki, ili..." akashuka, "...sanya michango, na..." akashuka tena, "...mbushana kuhusu ahadi." Mjumbe mmoja mwenye kwao Lushoto akauliza kama "mbushana" ni Kisambaa. Akajibiwa na Msambaa mwenzake kwamba si Kisambaa, labda Kizigua. Baba Mdogo akaendelea bila kutikisika: "Familia ya bwana harusi ilisema iko tayari..." akashuka, "...bali mapendekezo yetu." Hapo minong'ono ikaanza, kwa sababu mtu anayesema yuko tayari, bali, huyo hayuko tayari.

Tukafika kwenye bajeti. Mchele, kilo 150. Mafuta, ndoo 3. Kisha nafasi tupu, na chini yake: 120.

"120 ya nini?" akauliza mweka hazina.

"Soda," mmoja akakisia.

"Soda iko chini," akasema mpishi, naye sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuku wangu wako wapi?"

Kuku wote 120 walikuwa wameliwa na mkato wa mstari, wiki tatu kabla ya harusi.

Hilo lilirekebishwa kwa kalamu, palepale. Shairi ndilo lililonitoa jasho, maana Mjomba si mtu wa kurekebishwa kwa kalamu. Ni karani mstaafu na mshairi wa Tanga wa kuhesabu mizani kwa vidole, hata kwenye salamu. Alikuwa amewatungia maharusi beti 6, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, kina kati na kina mwisho, kituo kisichotetereka. Nilikuwa nimelichapa kutoka kwenye karatasi yake na karatasi nikamrudishia. Sasa kwenye faili limekuwa aya moja nene. Nikaona nitajiokoa kwa werevu: Mjomba huweka mkato, yaani koma, mwisho wa kila kipande, basi nikageuza kila koma kuwa mstari mpya.

Lilitoka refu na jembamba, maneno matatu matatu, likishuka ukurasa mzima kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nikampelekea. Mjomba huweka Sheria za Kutunga Mashairi cha Amri Abedi, cha mwaka 1954, rafu moja tu chini ya msahafu. Aliliangalia lile shairi kwa muda, akavua kofia.

"Mpwa wangu," akasema, "umenifanya Kezilahabi."

Kichomi, diwani ya Kezilahabi ya mashairi huru, ilitoka mwaka 1974, na Mjomba bado yumo kwenye ule mgogoro wa vina na mizani. Nikajitetea kwamba hata wazee walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu walikuwa wakiweza kupanga ubeti mzima kwenye mstari mmoja. "Kweli," akasema, "na kati ya kipande na kipande wakaweka alama. Wewe umeweka nini?"

Halafu akanifundisha, kwa huruma nadhani. Kwenye taipureta, alisema, ukikaribia ukingo wa kulia kengele inalia. Unasukuma mkono wa chuma, na hapo yanatokea mambo mawili: gari linalobeba karatasi linarudi lilikoanzia, na karatasi inapanda mstari mmoja. "Mstari ulikuwa unakwisha kwa mkono wa mtu," alisema. "Tena ukisikia."

Laiti ningemwuliza mapema, maana mambo hayo mawili ndiyo yaliyonimaliza. Nililipanga upya shairi kwa simu usiku kucha, mshororo kwa mshororo, nikalihifadhi kama maandishi matupu, nikalipeleka steshenari kwa ajili ya kadi. Kwenye kompyuta yao, ya zamani sana, likafunguka mstari mmoja. Tena! Safari hii sikuwa nimegusa kitu.

Kumbe kompyuta zilirithi taipureta bila kukubaliana mirathi. Katika orodha ya herufi za mashine iitwayo ASCII, ya mwaka 1963, kurudisha gari ni namba 13 na kupandisha karatasi ni namba 10. Mashine za teletaipu za enzi hizo zilihitaji zote mbili, na 13 ilitangulia ili kichwa cha kuchapia kipate muda wa kurudi kabla ya herufi inayofuata. Windows ikashika zote mbili mpaka leo. Linux na simu za Android zinatosheka na 10. Mac za zamani, kabla ya mfumo wa mwaka 2001, zilichukua 13 peke yake. Na Notepad, inayokuja na Windows, ilianza kuielewa 10 iliyokuja bila mwenzake mwaka 2018. Ile ya steshenari haikuwa na habari za mwaka huo. Iliona 10 zangu, haikuona 13, ikahesabu kwamba hakuna mstari.

Kijana wa pale, sijui kwa nini, siku hiyo hakukumbuka kibano wala shamba. Aliikata mistari kwa macho, ienee upana wa kadi.

Usiku wa sherehe mshereheshaji aliichukua kadi akasoma shairi la Mjomba kwa sauti ya kutangaza maji yatakatika. Ukwapi ulilala juu ya utao, vina vikadondoka mahali popote. Alipofika ubeti wa pili, au palipokuwa ubeti wa pili, Mjomba akanyanyuka, akamwomba kipaza sauti, akaanza upya kutoka kichwani, kwa mahadhi. Akatunzwa vizuri. Mama Mkubwa peke yake alimwekea noti nne.

Orodha sahihi ya michango niliituma tena siku ileile ya simu ya Shangazi, kila mtu na mstari wake. Shangazi aliisoma, akaniambia marahaba yangu ya alfajiri. Wengine, nadhani, walikuwa wameshasoma ile ya kwanza na ikawatosha, kwa sababu ukumbini muuza mkaa alikalishwa safu ya mbele, karibu na imamu, na sahani yake ilijazwa mara mbili. Mpaka leo mtaani anapishwa kwenye foleni ya maji. Nawaombeni, mkipita kununua mkaa, msimwambie.