Noti Begani

Ukitaka uzito wako ujulikane na watu usiowajua, panda ndege ndogo ya kwenda Mafia. Pale jengo la zamani la uwanja wa Dar mizani haipimi mabegi tu. Unapanda na wewe, na mkoba wako mkononi, na nyuma yako foleni nzima inanyoosha shingo kusoma. Shangazi yangu alipoona mshale unavyokimbia alishuka, akavua bangili tatu na viatu, akapanda tena. Mshale ukarudi palepale. Akamwambia kijana wa kaunta, "Andika ya kwanza basi, mwanangu, lakini hiyo mizani yenu ina chumvi."

Mimi siku hiyo nilikuwa na noti ya shilingi elfu kumi kwenye mfuko wa shati, nimeikunja mara nne. Nilikuwa nimekusudia kumpa rubani.

Najua inavyosikika. Ugonjwa huo niliutoa Marekani.

Mwezi mmoja kabla nilikuwa Minneapolis kwa dada yangu. Siku ya kwanza nikaenda kununua kahawa. Binti akanigeuzia kioo kama cha simu kubwa, kimeandikwa 18, 20, 25. Nikabonyeza 25 nikidhani nachagua ukubwa wa kikombe. Kikombe kikaja kilekile, bei ikaja nyingine. Siku ya tatu tukala mgahawani, nikajitia mwenyeji, nikalipa bili kamili mpaka senti ya mwisho, nikatoka nimeridhika. Mhudumu akatufuata hadi mlangoni kuuliza kwa upole kama kuna jambo alitukosea. Shemeji alirudi ndani mbio na noti mkononi, kama mtu aliyesahau mtoto.

Usiku ule nilisomeshwa. Shemeji anaendesha teksi mwaka wa kumi na mbili sasa, na habari za bakshishi anazijua kama sheikh anavyojua mirathi. Akaniambia sheria ya serikali kuu ya kule inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kwamba kiwango hicho hakijasogea tangu 1991. Kinachobaki anatakiwa akitoe mteja, na bakshishi zisipofika kima cha chini ndipo mwajiri ajazie. Yapo majimbo yaliyoukataa mchezo huo, Minnesota likiwemo, ila mkono wa kutoa ukishazoea hauulizi uko jimbo gani.

"Kwa hiyo ile siyo zawadi," nikasema.

"Ni mshahara, shemeji. Umewekwa mfukoni mwako bila wewe kujua."

Ndipo akanisimulia kuhusu rubani. Zamani kidogo alimchukua uwanjani usiku wa manane, kijana kavaa sare kamili na kofia, begi la magurudumu. Kijana alikuwa ndiyo ameanza kazi kwenye shirika dogo, yale yanayoyabebea mashirika makubwa abiria kutoka miji midogo. Njiani akamweleza shemeji kwamba saa zake zinahesabiwa ndege inapoanza kuondoka getini hadi inapoegeshwa ng'ambo. Mvua ikiwakalisha saa nne abiria hawajapandishwa, saa nne hizo ni sadaka. Miaka hiyo anayeanza alikuwa akipata kama dola 20,000 kwa mwaka, na mikopo ya chuo cha urubani inamsubiri nyumbani. Walipofika akalipa nauli, akaongeza dola tano.

"Nilizipokea," shemeji akasema, "lakini nilikaa kwenye gari nikifikiri. Huyu kanipa mimi. Yeye anapewa na nani?"

"Na nani?"

"Makofi. Ndege ikitua vizuri watu wanapiga makofi."

Sikulala vizuri, nikikumbuka yaliyowapata marubani wa kule. Baada ya Septemba 11, 2001, mashirika makubwa ya Marekani yalikwenda mahakamani kujikinga na wadai, moja baada ya jingine, na wakati wa kupunguza gharama ulipofika, waliokatwa walikuwamo marubani. Tarehe 15 Januari 2009, Chesley Sullenberger alikuwa nahodha wa ndege ya US Airways iliyoruka kutoka LaGuardia, New York. Bata bukini wakaingia injini zote mbili. Dakika tatu na nusu hivi baadaye aliiweka juu ya Mto Hudson kama mtu anavyotua mtungi wa maji, na watu wote 155 wakatoka hai. Mwezi uliofuata alikwenda mbele ya kamati ya Bunge. Wabunge walimpongeza kwelikweli. Yeye akawaambia mshahara wake umekatwa asilimia 40 na pensheni yake imefutwa. Rubani msaidizi wake, Jeffrey Skiles, akasema kwa miaka sita amekuwa akifanya kazi siku saba kwa wiki, kazi mbili, ili maisha yaende.

Hebu nipigie hesabu hapo. Mtu anakutua mtoni, unatoka umelowa magoti, uko hai. Asilimia ishirini ya nini? Ya nauli, au ya roho?

Tangu hapo mambo yamewanyookea. Baada ya korona marubani wakaadimika, na mikataba ya 2023 iliwapandisha sana wa mashirika makubwa. Nahodha mkongwe wa ndege kubwa kule leo angeweza kunipa mimi bakshishi na asione pengo. Lakini mimi kichwa changu kilishakwama mwaka 2009. Tena nilikuwa nakumbuka wale wa Kenya Airways waliogoma Novemba 2022, abiria wakalala chini Nairobi, na sehemu ya ugomvi ilikuwa michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa. Nakumbuka vilevile bosi wa Ryanair, Michael O'Leary, ambaye mwaka 2010 alisema rubani wa pili hana kazi, aondolewe, na mmoja akizidiwa mhudumu wa ndani aweze kutua. Mtu akifikia kusema hivyo hadharani, nikajisemea, bakshishi haiko mbali.

Jaribio la kwanza lilikuwa safari ya kurudi. Sitalitaja shirika. Tumetua, nahodha amesimama mlangoni anaaga watu, mvi zimemkaa vizuri. Nilikuwa na dola tano kiganjani. Nikampa mkono. Yeye, mtu wa mikono safi, akanipa ncha za vidole tu, noti ikadondoka kwenye zulia. Mhudumu akainama, akaiokota, akanikimbilia hadi kwenye daraja la kushukia. "Umeangusha hela yako, baba." Watu watatu wakanipongeza kwa kukutana na mtu mwaminifu.

Kwa hiyo Mafia ilikuwa marudio ya mtihani, na mazingira yalinipendelea. Ndege ya injini moja, viti havifiki kumi na vitano, mlango wa chumba cha marubani hakuna kwa sababu chumba chenyewe hakuna. Rubani ni mmoja, kama alivyotaka yule bwana wa Ryanair. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na saba, tepe tatu begani, na kazi zote zilikuwa zake: alisaidia kusukuma mabegi chini ya tumbo la ndege, akaizunguka akishikashika huku na kule kama mnunuzi wa mbuzi, akafunga mlango, kisha akageuka kitini akatuonyesha maboya yalipo. Mtu wa namna hii angekuwa hotelini Minneapolis, angekuwa ameshapewa mara nne.

Tatizo likawa wakati. Nimpe kabla ya kuruka au baada? Nikimpa kabla, ina maana namwomba atue vizuri, kana kwamba alikuwa na mpango mwingine. Isitoshe mimi ni Mtanzania, na sisi neno la kutoa kabla tunalijua. Tuliwahi kuwa na takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, umeandikwa kabisa katika sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006. Sahani ya pilau ni ileile. Ikija kabla ya kura ina jina lake, ikija baada ya kura haiji. Nikaamua kungoja tutue.

Shangazi alipangiwa kiti cha nyuma ya rubani, kwa ajili ya mizania ya ndege, akaambiwa kwa adabu. Mimi nikawa upande wa pili. Tulipita juu ya delta ya Rufiji, mikoko kijani hadi macho yanachoka, mito imejikunjakunja humo ndani kama matumbo. Wingu moja likatushika likatutikisa. Shangazi akawa anasoma dua kwa sauti ambayo nadhani hata mnara wa kuongozea ndege uliisikia. Rubani hakugeuka. Mkono wake mmoja ulikuwa unazungusha kigurudumu kidogo pembeni ya goti, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Akatua. Sikujua tumegusa chini mpaka nilipoona minazi inarudi nyuma kwa kasi.

Shangazi akapiga kigelegele. Kisha, ndege ingali inakimbia, nikamwona ameshika pindo la khanga, lile fundo ambalo ndilo benki yake, analifungua kwa meno. Akatoa noti ya elfu tano, akaikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja pajani. Akajiinua, mkanda umembana tumboni, akatanguliza mkono mbele, mabega yanacheza, akaichomeka noti ile chini ya tepe za bega la kulia la rubani. Hivyohivyo ndivyo anavyowatunza waimbaji wa taarabu. Nimemwona harusini akivuka ukumbi mzima kwa madaha, noti iko juu, ngoma inamngoja.

"Shangazi, kaa kwanza," rubani akasema, macho mbele. "Bado tunatembea."

"Nimekaa, mwanangu. Umetua kama unamlaza mtoto."

Abiria walipiga makofi, hawakujua wanampigia nani.

Tulipoteremka Kilindoni nikabaki nyuma. Nikasogea ubavuni kwa kijana, nikatazama huku na kule, nikamshika mkono na noti yangu ndani yake. Akaitazama. Akanitazama. Akanirudishia taratibu.

"Hapana, mzee. Kampuni hairuhusu."

Aliyasema hayo elfu tano ya shangazi imesimama begani kama tepe ya nne.

Sikunyamaza. Kwenye bajaji ya kwenda mjini nilimweleza shangazi dhuluma niliyofanyiwa: mimi elfu kumi nimekataliwa, yeye elfu tano kapokelewa. Shangazi alicheka hadi dereva akapunguza mwendo.

"Uliikunja mara ngapi?"

"Nne."

"Ukatazama pembeni?"

Nikakiri.

"Basi ulimpa kama unampa trafiki. Hela ya kutunza hukunjuliwa, watu waione. Hela ya kufichwa hata malaika ataikataa."

Dereva wa bajaji akasema hilo ni kweli kabisa. Tulipofika nikampa ile elfu kumi, bila kukunja, nikangoja chenji. Hakuwa nayo.

Tulikaa Mafia wiki moja. Ukoo wa pale haukuachii utoke mikono mitupu, na siku ya kurudi begi la shangazi lilikuwa na ng'onda, pweza mkavu, na nazi ambazo aliapa ni chache. Kila abiria anaruhusiwa kilo 15. Mizani ikasema 26. Shangazi hakushtuka hata kidogo. Alijipangusa jasho, akaangaza macho kwenye uwanja, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye akiba, "Mwanangu yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Rubani. Ananijua."

Akaja rubani. Alikuwa binti, mwembamba, miwani myeusi kaipandisha kichwani, tepe tatu begani. Akamwamkia shangazi shikamoo, akainama kuisoma mizani, akainuka. Akasema kilo kumi na moja zilipiwe, na nazi zikae chini kabisa zisije zikatembea.

"Yule mwenzako yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Leo yuko Songosongo, mama."

Shangazi akashika pindo la khanga. Fundo lilichukua muda safari hii. Alihesabu noti kwenye kaunta moja baada ya nyingine, na kati ya moja na nyingine nilimsikia akinong'ona, "Na yule nilimtunza bure."

Nikamwuliza kama ile ilikuwa tunza au takrima. Akaniambia nishike begi.

Binti alitushusha Dar kwenye upepo wa ubavuni, bawa moja chini, gurudumu moja likatangulia kugusa, halafu la pili, laini kama mtu anayekalia mkeka. Kutua kwa kwanza kulikuwa kuzuri. Huku kulikuwa kuzuri zaidi, na hata mimi nisiyejua kitu nililiona hilo. Watu wakapiga makofi. Shangazi hakupiga hata kofi moja. Mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia risiti.