Maziwa ya Saa Tisa ya Usiku

Nyumbani kwetu Mawaleh, Maskati, mtoto ni mmoja na wakubwa ni watano, na kila mkubwa ana madhehebu yake ya maziwa. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Malindi, Unguja. Alikuja Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika warudi kwao. Kwake yeye maziwa ni yale yaliyoletwa mlangoni na mtu wa baiskeli, yakachemshwa, yakafanya malai juu. Maziwa yaliyowahi kuonana na friji hayahesabu. Mume wangu anajua maziwa ya unga. Mdogo wake, shemeji yangu, ni mtu wa ngamia na majabali. Dada anayetusaidia kazi ni Msambaa wa Lushoto, kakulia nyumba yenye ng'ombe bandani, kwa hiyo hana madhehebu. Yeye anajua tu, na haulizwi. Mimi nafuata kadi ya pinki ya kliniki, na kwa sababu hiyo naitwa "daktari", kwa sauti isiyokuwa ya sifa.

Kopo la maziwa ya unga liliingia nyumbani likizo yangu ya uzazi ilipokwisha. Sheria ya kazi ya 2023 imetuongezea wanawake mpaka siku 98, jambo la kushukuru, lakini siku 98 ni miezi mitatu na ushei, na mtoto wa miezi mitatu hana habari na ofisi za mtaa wa Ghala. Ziwa likapungua, kopo likaongezeka. Na ukweli usemwe, kopo lilileta amani. Zamu ya usiku ikawa ya mume wangu. Saa tisa mtoto akilia, baba mtu hushuka kitandani macho yamefumba, maji ya moto yamo kwenye themosi, na vijiko anavihesabu kwa mnong'ono kama anayevuta uradi. Asubuhi hutwambia mtoto kanywa kiasi gani, na hakuna ripoti ya ofisini aliyoitoa kwa fahari ile.

Mtoto akatimiza mwaka mwezi wa Julai. Muuguzi wa kituo cha afya akampima, akajaza kadi, akasema kopo sasa liende zake: apewe maziwa ya kawaida ya ng'ombe, yale yenye mafuta yote, na aanze kuyanywa kwa kikombe ili chupa nayo iagwe. Kabla ya mwaka hawaruhusu yawe ndiyo kinywaji chake kikuu. Protini na chumvi zake ni nzito kwa figo changa, madini ya chuma karibu hamna, na utumbo wa mtoto mdogo huweza kuvuja damu chembe chembe bila mtu kuona. Mwaka ukishatimia tumbo limekomaa, na mzigo mkubwa unabebwa na sahani.

"Maziwa ya ng'ombe yanaleta makohozi," akasema mama mkwe, hata viatu hatujavua.

"Mama, hilo kopo ni maziwa ya ng'ombe."

"Hilo ni dawa."

Nikampa kopo, nikampa na miwani. Yameandikwa ubavuni, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza: maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa mafuta. Maziwa mengi ya kopo yanatokana na ng'ombe huyohuyo. Kiwandani yanapunguzwa protini, yanatiwa mafuta ya mimea, chuma na vitamini. Mtoto aliyeyanywa miezi yote hiyo bila kuwashwa wala kuharisha, si rahisi akutanishwe na ng'ombe leo amkatae. Mama alisoma polepole mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ng'ombe wa Ulaya," akasema, "hakai juani."

Jioni yake mume wangu akarudi kutoka famasia na kopo jipya, kubwa kuliko la kwanza, limeandikwa 3. Namba moja ni ya kuzaliwa, namba mbili ya miezi sita, namba tatu ya mwaka. Zimepangwa vizuri hata mzazi akahisi mtoto atarudia darasa asiponunuliwa. Mkutano wa Afya Duniani ulisema tangu 1986 kwamba maziwa haya ya hatua za mbele si ya lazima, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 hauna mafumbo: mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anayepewa maziwa mengine yasiyo ya mama apewe ya mnyama, haya ya namba hayapendekezwi. Kopo ni riyali kadhaa, na lita ya maziwa freshi haifiki riyali moja. Mume wangu ni mhasibu, hesabu hiyo hakuibishia. Alisema tu, "Basi tulimalize hili," akaliweka kabatini, mahali pake palepale pa usiku.

Kikombe cha kwanza alipewa siku ya Ijumaa, mtoto kavaa dishdasha yake ndogo ya kwendea kwa shangazi. Yalikuwa ya baridi, yametoka frijini, ingawa dada alikwishasema yapashwe. Akachukua funda moja. Akalikalisha mdomoni, akatutazama mmoja mmoja, wala hakulia. Kisha akalisukuma nje kwa ulimi, taratibu, likashuka kidevuni, likaingia shingoni, likapotea ndani ya dishdasha. Maziwa ya kopo ni matamu zaidi na huja na joto la mwili. Huyu tulimletea barafu isiyokuwa na sukari, tukategemea ashukuru.

Chupa ile ikaishia kwenye chai ya wageni, mume wangu akatumwa dukani kuleta nyingine. Friji za maduka ya huku zataka utulivu: yamo ya Saudia, ya Imarati, na ya kwetu, A'Safwah ya Dhofar na Mazoon ya Sunaynah, na chupa za haliib, maziwa freshi, na za laban, maziwa ya mtindi, zinasimama bega kwa bega, umbo moja, kifuniko kimoja. Akarudi na laban. Hakuna aliyetazama mpaka mtoto alipokunja uso mzima, pua na nyusi zikakutana, akatetemeka, kisha akanyoosha mkono kutaka nyingine. Akamaliza kikombe. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi: damu ya babu yake hiyo, mtu wa laban na samaki. Laban si haramu kwa mtoto wa mwaka, ila ile ilikuwa ya mafuta kidogo, na mtoto chini ya miaka miwili mafuta anayataka. Nikaonekana nimekuja kuharibu sherehe.

Julai ndio mwezi wa Salalah, mji wa Dhofar. Huku Maskati joto limeshapita digrii 40. Kule khareef imeshuka, manyunyu na ukungu, na kila mwenye gari anafunga safari. Shemeji alikwenda na wenzake, na katika njia yote ile ya kilomita kama 1,000 ya kurudi alilinda sanduku la barafu lenye chupa mbili za maji ya kunywa, ndani yake maziwa mabichi ya ng'ombe wa majabali ya Dhofar.

"Ya asili, shemeji. Hayajaguswa na mashine."

"Wala na moto?"

"Moto wa nini? Wenyewe wanayanywa hivihivi."

Wenyewe wanayanywa, na homa ya Malta wanaijua pia. Dhofar imesumbuka nayo miaka mingi. Inatoka kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia kwa njia ya maziwa yasiyochemshwa, homa ya kupanda na kushuka, viungo vinauma wiki baada ya wiki. Nilijiandaa kwa vita, kumbe jeshi lilikuwa upande wangu. Mama mkwe aliinuka kwenye mkeka. "Mabichi? Mjukuu wangu? Hata Unguja hatukunywa mabichi!"

Yakatiwa sufuriani. Shemeji, kwa heshima ya maziwa yake, akasema atayasimamia mwenyewe. Dada akamwambia ayakoroge na asiondoe macho. Akakoroga. Simu ikalia, akageuka nusu, akasema "hala hala", na maziwa yakachagua hapohapo kupanda: kwanza pembeni, utando ukavimba katikati, kisha yote kwa pamoja yakafura yakamwagika jikoni, yakazima moto, yakateremka mbele ya droo mpaka sakafuni. Nyumba nzima ikanuka maziwa ya kuungua.

Dada alikwishachukua tambara. "Maziwa hayachungwi na mwenye simu," akasema, hakusema tena.

Yaliyobaki yalichemka sawasawa, yakatiwa hiliki na zafarani, yakawa chai. Tulikunywa wakubwa. Haki ya ng'ombe wa jabali tuitoe: sijanywa chai kama ile. Mtoto alikuwa amelala.

Lakini msiba wenyewe ulipita usiku, kimya. Dada alikuwa amesema jikoni kwamba mtoto hatolewi kopo kwa siku moja, yachanganywe, kidogo kidogo. Mume wangu yuko sebuleni, akasikia neno "yachanganywe" na likamtosha. Saa tisa akapasha maziwa ya ng'ombe, akayatia chupani mahali pa maji, akahesabu juu yake vijiko vyake vilevile vya unga. Mtoto akanywa, akalala fofofo mpaka jua kutoka. Kwenye chai ya asubuhi baba mtu alikuwa mshindi. Akaendelea hivyo, usiku baada ya usiku, na sisi tukamshukuru Mungu kwa usingizi.

Kisha choo kikakataa. Mtoto anasimama, kashika ukingo wa kochi, uso mwekundu, magoti yanatetemeka, machozi yanamtoka bila sauti. Kinachotoka ni vijiwe. Mama mkwe akaleta papai, akaroweka tende, akampaka mafuta ya zeituni tumboni akiyazungusha kwa kiganja, na kila zungusho moja alitaja makohozi yake aliyoyatabiri, ingawa ugonjwa ulikuwa mahali pengine kabisa. Nepi zikawa kavu kuliko kawaida. Hapo ndipo moyo wangu ulipostuka.

Dada alifungua friji, akatazama chupa ya maziwa, akatazama kopo.

"Baba, maji unatia wapi?"

"Maji gani?"

Unga wa kopo umepimiwa maji. Ukiutia ndani ya maziwa, protini na chumvi zinapandana, figo zinavuta maji mwilini zipate kuzitoa, na mtoto anakauka huku ameshiba. Tena Julai ya Maskati, watu wazima tunakauka kwa kwenda garini tu. Kituo cha afya walimwangalia, wakasema tumewahi, apewe maji, na tukapewa maneno yetu. Mume wangu aliyapokea kichwa chini. Nilimwonea huruma, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyemtaka mtoto ashibe kuliko yeye.

Basi tukafuata ya Lushoto. Kopo linachanganywa na maji kama siku zote, kwa kipimo chake. Likishakuwa tayari, unapunguza kidogo, unajaza pengo kwa maziwa ya ng'ombe yaliyopashwa vuguvugu. Tumbo likitulia, unaongeza. Likilalamika, unasimama hapohapo. Ulimi haupewi nafasi ya kushangaa. Hakuna ujanja zaidi ya huo.

Aliyemwachisha mtoto chupa ni mama mkwe, bila kukusudia. Alasiri zake ni za kahawa, mkeka umetandikwa, tende kwenye sahani, finjani zinazunguka, na mjukuu pajani anaona kila mgeni anapewa kifinjani isipokuwa yeye. Siku moja alipiga kelele mpaka akatiliwa maziwa humo. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa, akapewa tena, akanywa. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliposhiba akatikisa finjani yake kama desturi, yaani basi, inatosha. Mtoto akamtazama, akatikisa na yake. Ilikuwa imejaa. Maziwa yakarukia buibui la mgeni, mkeka, na sahani ya tende, na mama mkwe akatangaza kwamba chupa imekwisha kazi.

Shida ikageuka upande wa pili. Mtoto akayapenda maziwa hata chakula akakiona adha, na hapo ndipo kadi yangu ya pinki ilipopata heshima. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haina hata miligramu moja ya chuma, na mtoto wa umri huu anahitaji kama miligramu 7 kwa siku. Akijaza tumbo kwa maziwa hana pa kuiweka nyama, na kalsiamu ya maziwa nayo inakizuia kile chuma kidogo alichokula kisiingie vizuri. Ndipo damu inapopungua kwa mtoto aliyenona. Tukaweka sheria: karibu nusu lita kwa siku na basi, chakula kwanza. Samaki, ini la kuku, dengu, yai, kipande cha chungwa pembeni ya kusaidia chuma kupita, na mkate, maana unga wa ngano wa Oman unatiwa chuma tangu 1996. Na chai ya bibi, hata kijiko kimoja cha kuonja, marufuku. Sheria ya chai ndiyo iliyonunisha watu.

Kwa hiyo maziwa yalipoanza kupungua frijini usiku, mshukiwa alikuwa mmoja. Chupa inalala imejaa, asubuhi imefika nusu. Mama mkwe aliapa kwa Mwenyezi Mungu si yeye. Shemeji alisema maziwa yaliyoguswa na mashine yeye hayagusi. Nikachora alama ubavuni mwa chupa kwa kalamu ya wino, nikalala sikio wazi.

Saa tisa nikasikia mlango wa friji. Mtoto yuko kitandani kwake anakoroma. Siku nyingi hajaamka saa ile. Jikoni mume wangu kasimama pekupeku, anamalizia bilauri, mdomo wa juu umefanya mstari mweupe.

"Naamka tu," akasema. "Nikishaamka sijui nifanye nini."

Asubuhi mama mkwe alipopata habari hakucheka wala hakumlaumu mwanawe. Alimwita dada, akamwambia kuanzia leo zinunuliwe chupa mbili, na moja aichemshe jioni, aitie hiliki, aiache kwenye themosi.