Barua ya wazi kwa mamlaka husika: tunaomba kibali cha kurudisha mafuta sheli

Waheshimiwa Mamlaka Husika,

Shikamooni. Tunatumaini barua hii inawakuta mu wazima wa afya, viyoyozi vinapuliza na tenki la gari la ofisi limejaa. Sisi huku hatujambo kidogo. EWURA ikishatangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikawa imepanda, basi Alhamisi foleni ya magari pale Tazara, Dar es Salaam, imejaa vijana wanaouza vifaa vya kupunguza ulaji wa mafuta. Hongereni kwa kuwaacha wafanye biashara kwa amani.

Vifaa vyenyewe mnavijua. Kuna sumaku ya kubana kwenye bomba la mafuta, ingawa petroli haijawahi kushikwa na sumaku. Kuna feni ya bati ya kupachika kwenye njia ya hewa. Kuna kidonge cha kutumbukiza tenkini. Kuna mtungi wa maji unaotoa haidrojeni kwa umeme wa gari, umeme unaozalishwa na injini ileile kwa mafuta yaleyale. Halafu kuna mfalme wao, kidude cha kuchomeka chini ya usukani, pale fundi anapopimia gari kwa kompyuta, chenye vitaa vinavyomeremeta na stika ya dhahabu iliyoandikwa KIMEPIMWA. Kimepimwa na nani, stika haisemi.

Dereva mmoja wa teksi wa kijiweni kwetu alikinunua kwa elfu thelathini, yaani hesabu ya bosi ya siku nzima. Akaambiwa aendeshe kilomita mia mbili na ushee ili kifaa kiisome injini. Kilipomaliza kusoma, muuzaji hayupo na Toyota IST yake inakula vilevile. Tukakifungua kwa bisibisi juu ya boneti. Ndani: vitaa vitatu, kitufe, na kipande cha saketi kisichozidi kucha ya kidole gumba. Pini zinazotakiwa kuongea na kompyuta ya gari hazikuunganishwa na chochote. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wa Quarkslab, kampuni ya Ufaransa, walishakichambua kifaa cha namna hii na kukuta kazi yake ni kuwasha taa, basi.

Akaenda kulalamika. Ofisi ya kwanza ikasema hilo si lao, aende ya pili. Ya pili ikasema haya ni matangazo ya uongo, aende ya tatu. Ya tatu ikataka risiti ya EFD. Waheshimiwa, risiti ya EFD ya kitu kilichonunuliwa dirishani, taa za barabarani zikikaribia kuruhusu! Mwisho akapewa ule ushauri ambao kila mmoja wetu ameshaupata bure: mwananchi, uwe makini.

Basi tumekuwa makini, na kwa umakini huohuo tunaleta maombi.

Ombi kuu ni hili. Kwa kuwa hamjavizuia vifaa hivi, tumeamini vinafanya kazi, na si haki raia tufaidi peke yetu. Tunaomba vifungwe vyote kwa pamoja kwenye mashangingi ya serikali. Muuzaji wa sumaku anaahidi kuokoa asilimia 20 ya mafuta, wa kidonge 25, wa kidude 35, wa mtungi wa maji 50. Jumla 130. Maana yake shangingi litaacha kula mafuta, litaanza kuyataga.

Hebu uoneni msafara wa Jumatatu alfajiri ukiondoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, matenki matupu kwa makusudi. Chalinze mshale wa geji unaanza kupanda. Morogoro nusu tenki. Dereva anayejua kazi yake atasimama Gairo apunguze, maana akipitiliza mpaka Kibaigwa yatamwagika barabarani na trafiki watamwandikia. Ndiyo maana tunaomba kibali cha magari haya kuingia sheli na kurudisha mafuta kwenye pampu, mita ikihesabu kinyumenyume. Kiundwe na cheo cha Afisa Mwandamizi wa Mapokezi ya Mafuta, chenye posho, kwani mradi wa taifa usio na posho haujapata kuonekana. Meli za mafuta zilizotia nanga zikisubiri zamu ya kushusha ziambiwe kwa upole kwamba sasa zinakuja kupakia. EWURA nayo itangaze bei ya sheli kununua kutoka kwetu, nasi kwa mara ya kwanza tulalamike kwamba bei iko chini. Mhasibu mkorofi anaweza kusema asilimia hazijumlishwi hivyo. Mjibuni awe makini.

Maombi mengine ni madogo. Mtupe namba ya simu inayopokelewa. Mtuchapie na sisi stika ya dhahabu, YAMEPUUZWA, tuwe tunaibandika wenyewe kwenye malalamiko yetu tuwapunguzie kazi. Na yule askari anayetukagua mtungi wa kuzimia moto asubuhi mpaka jioni, mumruhusu siku moja ageuze shingo. Kijana wa vidude yuko hatua tano nyuma yake.

Hatuwaombi mpime, msiogope. Wenzenu wameshapima. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limeshapitia vifaa zaidi ya 100. Vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache mno, nayo ilikuwa ndogo, na vingine viliongeza moshi mchafu. Mwaka 2009 tume ya biashara ya nchi hiyohiyo iliwafikisha mahakamani wauzaji wa mtungi wa haidrojeni. Gari la kisasa linachoma karibu mafuta yote yanayoingia kwenye injini, kwa hiyo hakuna akiba iliyojificha ya kuokolewa na kidude. Sehemu kubwa ya nguvu inapotea kama joto, kwenye rejeta na sailensa, na hakuna kitaa cha kuirudisha. Haya mnayajua. Mna wahandisi tuliowasomesha kwa kodi zetu, nao wanayajua. Mmenyamaza kwa sababu anayeibiwa ni dereva wa teksi, na mafuta yenu hayajawahi kutoka mfukoni mwenu. Angeuziwa mmoja wenu kidude hicho, jioni ileile tungeona kikao na waandishi wa habari na rundo la vifaa likiteketezwa mbele ya kamera.

Samahanini, sauti imepanda kidogo. Tunawatakia kazi njema.

Wenu watiifu,
Wenye magari madogo

Nakala: Dereva mwenzangu. Barua hii haitajibiwa, kwa hiyo funga kioo kijana akikaribia. Toa mizigo isiyo na kazi kwenye buti, acha kukanyaga mafuta kwa hasira, kisha pima upepo wa matairi kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wako. Kwenye IST maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka. Upepo ulio sawa unaweza kukuokolea hadi asilimia 3 ya mafuta, na kuna sheli wanakokujazia bure.