Ukipita Conques, vua pete kwanza

Ukifungua kitabu cha miujiza cha karne ya 11 ukidhani utakuta vilema wakinyooka na vipofu wakiona, kisha ufunge ulale, utaumbuka. Vilema wananyooka, sikatai. Lakini wewe shika mkufu wako.

Tuseme umeangukia Conques, kijiji cha milimani kusini mwa Ufaransa, mwaka 1013 hivi. Mwenyeji wako ni Mtakatifu Foy, ambaye kwetu angeitwa Imani. Kwa masimulizi ni binti mdogo aliyeuawa Agen enzi za Warumi kwa kukataa kuabudu miungu yao. Usiulize aliyezikwa Agen amefikaje Conques. Haya, umeshauliza: mmonaki wa Conques alihamia kwa watu wa Agen, akakaa nao kwa adabu miaka 10 hivi hadi wakamkabidhi ulinzi wa kaburi, na usiku mmoja wa mwaka 866 hivi akatoweka na mifupa. Conques hawakuona haya kuyaandika hayo. Hoja yao ni kwamba kama mtakatifu asingependa kuibwa, nani angemweza? Wajibu, ukiweza.

Usiicheke sanamu yake. Ndani ni mti, nje ni dhahabu na vito, imeketi kitini na inakukazia macho. Bernard, msomi kutoka Angers, alipoiona mara ya kwanza aliifananisha na sanamu za Venus na Diana. Baadaye alijuta, akakaa chini kuandika kitabu kizima cha miujiza ya binti huyo. Huyo alisamehewa. Kasisi mwingine aliyeikejeli alitokewa usiku, akachapwa fimbo, akabakiwa na pumzi za kusimulia tu.

Sasa vito. Binti huyu anavipenda, na haoni aibu kuomba. Alimtokea ndotoni Arsinde, mke wa mtawala wa Toulouse, akitaka bangili zake za dhahabu. Mama yule, mjanja wa mjini, akasema: sawa, lakini nipatie mtoto wa kiume. Wakaelewana. Bangili zikaenda Conques, watoto wa kiume wakaja wawili.

Ukishaahidi, lipa. Mama mmoja alimwekea mtakatifu nadhiri ya pete yake, akafa. Mumewe akaona hasara, akaivisha kwa mke mpya. Kidole kikavimba, pete ikazama kwenye nyama, bibi harusi halali kwa maumivu. Wakamkimbiza Conques, akakesha kanisani akilia. Usiku wa tatu akapenga kamasi, na pete ikachomoka kama jiwe la manati, ikalia sakafuni mbali kabisa. Vituko vya namna hii wenyeji waliviita utani wa Mtakatifu Foy. Mwenye kidole sidhani kama alicheka.

Ila ukiwa mfungwa, mwite bila hofu. Wengi walitoroka magereza ya mabwana kwa jina lake, wakamletea minyororo yao kama shukrani, mingi hadi wamonaki wakawaita wahunzi waifue iwe milango ya chuma ya kanisani.

Mwisho, Guibert. Bwana wake, tena padre, alimng'oa macho kwa wivu. Ndege akayabeba. Guibert akageuka mchekeshaji, akapata pesa na sifa mpaka macho akayasahau. Baada ya mwaka mtakatifu akamwagiza ndotoni aende Conques na mishumaa miwili, na huko macho yakarudi mahali pake. Wamonaki wakampa kazi ya kuuza nta. Pesa ikaja, na wanawake nao. Kila alipoteleza, jicho moja likazima. Akitubu, linawaka tena. Kwa hiyo ukisimama kununua mshumaa, mtazame muuzaji usoni. Ukikuta jicho moja limezima, lipa, chukua chenji, wala usimuulize jana alilala wapi.