Dokta mwenye mkono mwepesi

Shoga yangu akinunua changu pale soko la samaki la Feri, humfunua mashavu, humbonyeza tumbo, humnusa, kisha huenda meza ya pili. Lakini sumu ya botulinamu, ile inayotumika kutengeneza Botox, kachomwa kwenye paji la uso sebuleni kwa mtu, na "dokta" ambaye cheti chake ni wafuasi wa Instagram. Tena kwa ofa: ukileta mwenzio, mdomo wa juu bure.

Nikamuuliza, shoga, huyo yumo kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika? Akanitazama kama mshamba. Kichupa ulikiona? La, dawa ilikuja imeshavutwa kwenye sindano. Na hiyo fila ya kujaza mdomo ikiziba mshipa wa damu, ngozi ikaanza kufa au jicho likazima, anayo dawa ya kuiyeyusha?

"Ana mkono mwepesi."

Hapo sibishi. Hata kuhama nyumba na kubadili namba ya simu huwa mwepesi. Mwenye leseni, maskini, ana kero zake: maswali chungu nzima, kujaza faili, na wakati mwingine anakwambia huhitaji kuchomwa chochote, nenda nyumbani. Nani alipie dharau hiyo?