Saa ya Shemeji

Aliyetuletea fitina hapa mtaani Saio ni shemeji yangu wa Kampala. Alikuja na saa ya kupima mazoezi, akamvalisha kaka yake, akaiunganisha na telefone, akaenda zake. Tangu siku hiyo Baba Watoto haongei ila dakika. Shirika la Afya Duniani, anatuambia, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali, na yeye anazimaliza kwa kwenda kazini kwa miguu. Sisi wa nyumbani tukawa wavivu.

Hatua zake nilizitilia shaka mapema. Akipanda pikipiki kwenda Mudzipela, barabara yenyewe mashimo matupu, saa inahesabu tu. Mkono ukitikisika, yenyewe inajua mtu anatembea.

Jumamosi aliisahau mezani. Nikamvalisha mama mkwe, naye anatwanga sombe. Mchi juu, mchi chini, hatua zikamiminika, na mama hajasogea penye kinu! Kisha akajitwika bidoni ya lita 20, mkono mmoja umeishika kichwani, akapanda nayo kutoka bombani. Hapo hatua zikadorora. Ile taa ya kijani ya chini, inayosoma damu inavyopita kwenye ngozi, ikaonyesha mapigo 90. Mama anahema, jasho linamtiririka, na dakika za mazoezi ni sifuri.

Nikafungua telefone. Kumbe saa ilikuwa inampima kwa umri wa mwanawe. Inachukua 220, inatoa miaka, na nusu ya kinachobaki ndiyo mlango wa mazoezi. Kwa mtu wa miaka 34 mlango uko kwenye 93. Kwa mama, mwenye 68, ni 76. Nikaandika 68. Bidoni ya pili, dakika zikaanza kuingia, na mapigo yalipovuka 106, mlango wa mazoezi makali, kila dakika ikahesabiwa mbili.

Jioni Baba Watoto akaichukua saa yake, akaketi kutazama mechi ya Léopards. Umri sikuurudisha, wala hakuuliza. Penalti moja, kadi moja, kelele za majirani. Filimbi ya mwisho ilipolia akainuka kutuonyesha mkono: zaidi ya saa nzima ya mazoezi.

Mama mkwe akamtazama, akakitazama na kiti.

"Wee papa, kama kukaa kunakupa nguvu hivyo, bidoni ziko mlangoni."