Majibu kwa Wenye Kusumbuka: Daawa ya Paka na Samaki

*Bwana Mshauri, kila siku mume wangu hununua changu wawili: mmoja kwa ajili yetu sisi watu wanne, mmoja wa paka, akidai kuwa samaki ndicho chakula alichoumbiwa kiumbe huyo na kumnyima ni dhuluma. Mimi nasema aliumbiwa panya, nao panya wa jikoni mwangu sasa hupita mbele yake wamenenepa, wala hawana haraka. Nani ana haki? Mke Aliyechoka, Lamu.*

Bibi mwema, katika daawa hii haki ni yako, ingawa nasikitika kwamba hukumu yangu haitamrudisha chunguni changu aliyekwisha kuliwa. Paka wa nyumbani, awe amezaliwa Lamu, Maskati au Paris, ni mzao wa paka mwitu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, kama walivyothibitisha mwaka 2007 wataalamu waliochunguza nasaba yake katika damu. Na huyo jadi yake alikuwa mkazi wa nyika kavu, mbali na pwani, ambaye riziki yake ilikuwa panya, ndege, mijusi na wadudu, na ambaye hata kiu yake aghalabu aliituliza kwa umajimaji wa mawindo yake. Alimjia mwanadamu kwa kuwafuata panya, ambao nao waliifuata nafaka ghalani. Kisiwani Kupro limefukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500, ambamo paka amelazwa karibu na mtu. Na kama palikuwa na mapatano yoyote baina ya wawili hao, nina yakini kwamba samaki hakutajwa.

Mumeo, akiwa mtu wa kusoma, atakuletea hoja ya Misri, ambako katika kaburi la mwandishi Nakht, huko Thebes, amechorwa paka akimla samaki kwa bidii kubwa, na mchoro huo una umri wa miaka 3,400 hivi. Mwulize paka yule amechorwa wapi. Yuko chini ya kiti cha wenyewe, wala hayuko ukingoni mwa Nile. Ndivyo walivyo hata hao paka wenu wa Lamu, warefu wa miguu na wembamba wa shingo, ambao hukusanyika gatini mashua zinapotia nanga, wakamkodolea macho mvuvi apasuaye tasi mpaka awatupie matumbo. Sijapata kuona hata mmoja wao aliyejitosa baharini kumfuata samaki mwenyewe. Yuko paka mvuvi wa kweli katika mabwawa ya Bengali na Sri Lanka, aogeleaye na kupiga mbizi, lakini huyo ni jamaa wa mbali, na ushahidi wake haupokelewi katika daawa ya nyumba yako.

Kwamba paka anampenda samaki, hilo halina ubishi. Ulimi wake, usioonja utamu wa sukari hata kidogo, umeumbwa kuitambua ladha ya nyama, nayo ladha hiyo imejaa tele katika jodari. Mpeni basi, lakini kwa kadiri, mara moja au mbili kwa juma, na changu wa pili wamle watoto.

*Mimi ni kapera, na paka wangu hula dagaa wabichi tu, miezi sasa. Siku hizi anayumba, na shingo imemwinamia kifuani. Je, amerogwa? Kapera, Tanga.*

Hakurogwa, ndugu yangu. Mpeleke kwa tabibu wa mifugo leo hii, kabla hujamaliza kusoma safu hii. Baadhi ya samaki wabichi, na jamaa ya dagaa wamo, wana kitu kiitwacho thayaminesi, ambacho huiharibu vitamini B1, na paka aikosaye huinamisha shingo, huyumba, kisha hushikwa na kifafa. Moto hukiua kitu hicho, kwa hiyo akipona mpikie. Ila usimpe mchuzi wako, maana kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Wala usihamie kwa jodari wa kila siku, kwani mafuta yake mengi, yasiposindikizwa na vitamini E, huyafanya mafuta ya mwili wa paka yavimbe na kuuma hata asitake kuguswa. Kuku, nyama na maini kidogo, hivyo viko karibu zaidi na panya aliyemkosa.

*Paka wangu ameingia kwa jirani akaiba kipande cha nguru. Jirani ataka nimlipe. Mimi nasema paka kafuata maumbile yake. Mwenye Duka, Mombasa.*

Umesoma jibu la kwanza, bwana, na sasa wajua kwamba maumbile hayakumfundisha nguru. Mlipe jirani yako, naye jirani anunue kawa.